Fisi Maji wa Hedwiga

Mke wangu Hedwiga alizaliwa Lipingo, ziwani. Nilipomleta huku milimani, kijijini Ruanda, masika ya kwanza, aliona mashimo ya ngoro, yale tunayochimba mteremkoni udongo usichukuliwe na mvua, yamejaa maji shamba zima. Akauliza samaki wake ni wa aina gani. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Hedwiga hakununa. Alianza tu kuhadithia habari za fisi maji aliyepanda mlima.

Fisi maji yule alikuwa mlaini, mvivu, amezoea kuelea chali. Mlimani akatumbukia ngoro hii na ile akitafuta dagaa. Baridi ikamwotesha manyoya. Njaa ikamfundisha kula maharage. Mteremko ukampa miguu. Kila tulivyobanwa sisi, naye alibadilika. Mwaka mbolea ilipopanda bei, alisema uongo wake wa kwanza.

Likaja soko huria. Bwana Hamphrey akaja kununua kahawa, na mzani wa kuning'iniza, na maneno ya kutukomboa. Akipima, goti lake huinua gunia kwa chini, uzito upungue. Hedwiga, kwenye foleni, akawaambia wenzake kwamba fisi maji naye amepata leseni ya kununua kahawa.

"Ule mkia wa kuogelea," akasema, "siku hizi anainulia magunia."

Foleni nzima ikatazama goti. Goti likaondoka. Mwaka ule gunia letu lilikuwa na uzito wa gunia.

Hedwiga akafariki. Mwalimu Tobias akaja, shikamoo, pole, akasema hadithi itachapwa iwe kijitabu cha watoto. Mfadhili ni Bwana Hamphrey, sasa diwani. Ila fisi maji azaliwe kwenye familia nzuri, asome, awe mkweli tangu utotoni. Mzani usiwepo.

"Tumlainishe kidogo tu, mzee."

"Alikuwa mlaini," nikamwambia. "Huko ziwani."

Akaondoka na karatasi zake. Hapo nikaogopa. Hadithi ilikaa kinywani mwa Hedwiga, na kinywa kile tumekizika. Mimi maneno sina.

Siku ya kuanua matanga nikasimama nikasimulia. Bwana Hamphrey alikaa mbele, kofia mapajani. Nikaanza ziwani, nikapita ngoro, nikarukia mzani ili nimalize upesi.

Jirani yangu Marselina akanikatiza. "Umeruka njaa, baba. Bila njaa anafikaje kwenye mzani?"

Wengine wakadakia: na baridi je? Na ule uongo wa mbolea?

Kumbe hadithi wanayo yote. Nikarudi kwenye njaa.