Mahali, Si Mahari

Kikurya hakina L. Naanza na hilo kwa sababu nilihangaika kulificha kwa miaka mingi, na mwalimu wa Kiswahili anayeficha jambo kama hilo hana budi kuwa mkali. Kuandika nilikuwa naandika sawasawa, hapo hapana mtu wa kuniambia kitu. Tangu chuo cha ualimu nilikariri neno moja moja, hili lina L, lile lina R, mpaka yakakaa. Lakini kutamka! Mdomoni mwangu yote yanatoka R. Nikichoka nitakwambia naenda kurara, na ndivyo nitakavyosema mpaka nife. Watoto wa vijiji vyetu, Nyangoto na Kerende, hawakuona ajabu yoyote, maana hivyo hivyo ndivyo walivyosema na mama zao nyumbani.

Dhahabu ndiyo iliyotuletea watu wenye masikio mengine. Bei ilipopanda walimiminika kutoka kila upande, wachimbaji, wauza viatu, mama lishe, wanunuzi wenye mizani mifukoni. Kati yao alikuja fundi cherehani mmoja, mtu wa Tanga, akaweka cherehani yake kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, kando ya njia ya kwenda mashimoni. Alidhani atashona magauni. Badala yake kutwa alitia viraka kwenye magoti ya suruali za wachimbaji. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo akaanza Kidato cha Kwanza kwetu.

Wiki yake ya kwanza darasani nilikuwa nasoma hadithi kwa sauti. Nikafika mahali mtoto wa kwenye hadithi anachoka, nikasoma, "Akarara." Yule binti akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, ni akalala."

Hakuwa na ubaya wowote, sasa najua. Alidhani nimeteleza, akataka kunisaidia. Lakini darasa lilicheka, na mimi nikichekwa damu inapanda. "Unajifanya unajua sana?" nikamwambia. "Toka nje. Kasimame pale kwenye mlingoti wa bendera ujifunze adabu." Alisimama juani vipindi viwili, shule nzima ikimwona. Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena kwenye somo langu. Mtihani anaandika vizuri kupita wote, mdomo ameufunga. Mimi nikajipongeza kwamba nimemfunza adabu.

Alipofika Kidato cha Tatu, shule ikapata kompyuta na mtandao. Mkuu wa shule akatafuta walimu wawili wa kwenda semina Tarime. Mmoja alikuwa mwalimu wa fizikia, dada mdogo aliyetoka chuo juzi tu. Wa pili nilikuwa mimi, kwa sababu wengine walikataa, na kwa sababu semina ina posho. Nasema ukweli.

Huko Tarime nilikaa mstari wa nyuma nimekunja uso. Mwezeshaji akatuonyesha jinsi ya kutunga jaribio kwenye mtandao. Unaweka maswali, unaweka majibu sahihi, watoto wanajibu kwenye kompyuta, na mtambo unasahihisha wenyewe pale pale. Kisha unatuma alama kwenye simu za wazazi. Nilikunjua uso. Nimebeba madaftari kwapani tangu ujana wangu, nimesahihisha mpaka macho yakaharibika, halafu kumbe kuna kitu kinaweza kunipokea mzigo! Na simu kwetu hazikuwa shida. Mtu anatoka shimoni na tope mpaka kiunoni, anatoa mfukoni simu ambayo mimi naiona dukani tu.

Kilichonishinda ni kuandika. Vidole vyangu ni vya jembe. Nagusa herufi moja zinakuja tatu. Mwalimu wa fizikia alinivumilia siku mbili, ya tatu akachukua simu niliyonunua kwa posho ya semina, akaniambia, "Mwalimu, unajitesa bure. Bonyeza hapa kwenye hiki kipaza sauti, halafu ongea. Yenyewe itaandika." Nikabonyeza, nikaongea, nikaona maneno yanajipanga yenyewe. Niliipenda simu ile kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Jaribio langu la kwanza nikalifanya la vitate, yale maneno yanayokaribiana matamshi, ukikosea herufi moja umesema kingine. Hasa ya L na R, maana huo ndio ulikuwa ugonjwa wa darasa langu. Maswali ishirini ya kujaza nafasi nilikuwa nayo kwenye karatasi ya zamani, mwalimu wa fizikia akaniandikia. Majibu nikasema, "Niachie mwenyewe." Nikakaa ofisini kwetu walimu, miwani nimeiacha nyumbani, nikaisomea simu majibu yangu kwa sauti kubwa, moja baada ya jingine. Mwenzangu mmoja akainua kichwa, akanitania kwa Kikurya kana kwamba mimi ni kijana. "Mura, unahutubia wapi?" Nikamwambia aendelee na chaki yake.

Sikurudia kusoma. Kwa nini nirudie? Yalikuwa majibu yangu.

Siku ya jaribio darasa lilikuwa kimya, vidole tu vinagonga. Kila aliyemaliza aliona alama zake hapo hapo, na pembeni ya kila alilokosa, jibu sahihi. Kijana aliyeandika R kila mahali tangu azaliwe alipata ishirini juu ya ishirini. Wengi wa namna yake walifanya vizuri. Mwalimu wa fizikia akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu kweli?" Nikamjibu, "Wivu huo. Mtambo haumpendelei mtu."

Binti wa fundi alipata sita.

Nilimwona akitazama kioo muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, akainamisha macho. Nami, Mungu anisamehe, nikapita nyuma ya kiti chake nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Umeona? Ulidhani Kiswahili ni cha kwenu peke yenu." Halafu nikabonyeza, na alama zikaenda kwenye simu za wazazi kabla watoto hawajafika nyumbani.

Siku ya tatu kiti chake kilikuwa kitupu. Nikamuuliza jirani yake wa dawati. Akasema baba yake amemwachisha shule, Jumamosi anapelekwa Mugumu kwa shangazi yake kuuza vitambaa dukani. Shangazi alikuwa anamtaka tangu zamani na baba alikuwa anasitasita, lakini zile alama zilimaliza maneno. "Baba yake alisema, hesabu ukishindwa nitaelewa, Kiingereza nitaelewa. Lakini Kiswahili? Ulichonyonya kwa mama yako? Basi shule si yako."

Nikasema shauri yao. Nikaenda ofisini nikakaa, na makalio hayakutulia. Ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi ni kesho. Nikavaa miwani, nikafungua simu, nikatafuta karatasi yake nione ni wapi mtoto mzuri hivi ameanguka.

Swali la kwanza: mgeni alionyeshwa nini pa kulala. Jibu la mwanafunzi: mahali. Jibu sahihi: mahari.

Nikadhani macho yananidanganya. Nikashuka. Mwanafunzi huandika kwa kitu gani? Yeye ameandika kalamu. Mimi nimesema karamu. Yeye hali, mimi hari. Yeye kula, mimi kura. Kumi na nne yote yalikuwa hivyo. Yale sita aliyopata ndiyo yaliyokuwa na R kweli. Mtambo haukuwa umekosea hata kidogo. Uliandika nilivyosema. Na wale watoto niliowagombeza miaka mitatu waache R, siku ile niliwapa ishirini kwa kukataa kunisikia.

Nikatoka bila kuaga. Nilitembea kwa miguu mpaka kwa fundi, nikipishana na watu wenye viroba vya mawe vichwani, na njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia. Nilipofika barazani yote yalinikimbia, likabaki moja.

Fundi alikuwa anashona. Mkewe alikaa mlangoni anapepeta mchele. Walinikaribisha vizuri, wakanipa kigoda.

"Fundi," nikasema, "nimekuja kwa habari ya binti yako. Shida yote ni mahari."

Mimi nilisema mahali. Kichwani mwangu nilisema mahali kabisa.

Cherehani ikasimama. "Mahari?"

"Ndiyo. Tukimalizana na hilo, binti hana tatizo."

"Mahari ya nani, mwalimu?"

"Ya binti yako! Yake na wenzake kadhaa."

Mama akaweka ungo chini. "Na wenzake?"

Fundi akaitoa tepu shingoni, akaikunja taratibu. Akaniuliza kwa upole ambao sikuupenda, "Mwalimu, wewe kwako una wake wangapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaruka kutoka kwenye kigoda. "Loo! Hapana, hapana, fundi! Siyo mahari! Ni mahari!"

Sikuwa na njia nyingine. Nikatoa simu, nikabonyeza kipaza sauti mbele yao, nikasema lile neno kwa nguvu zangu zote, ulimi nimeusukuma mpaka kwenye meno. Simu ikaandika mahari. Nikampa fundi. "Sema wewe. Sema pale mtu anapokaa." Akasema kawaida tu, bila kujishughulisha. Simu ikaandika mahali, chini ya langu.

Nikamweleza yote, majibu nilivyoyasoma, na kwamba sikurudia. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Wallahi nilishaanza kumtafuta mjomba wake wa kupokea posa!" Fundi hakucheka. Aliyatazama yale maneno mawili kwenye kioo.

"Kwa hiyo mwanangu alipata ngapi?"

"Ishirini. Yote."

"Na mimi nimemwita mjinga," akasema. Akamwita binti.

Binti alitoka ndani, nguo alizokuwa anakunja ziko mkononi. Nyuma yake niliona begi liko wazi kitandani. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikamwambia nimekosea mimi, yeye hakukosa hata moja.

"Nilijua, mwalimu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilipoona jibu la kwanza, nikasikia sauti yako."

"Sasa mbona hukusema? Ulikuwa unapelekwa Mugumu! Hata baba yako hukumwambia!"

Alitazama chini. Hakusema kwa jeuri, angesema kwa jeuri ningejua la kufanya. "Wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme, mwalimu."

Nilikaa tena kwenye kigoda. Mtoto alikuwa tayari kuondoka shuleni, akae nyuma ya meza ya vitambaa, kuliko kumwambia mwalimu wake neno moja. Na mwalimu huyo alikuwa mimi.

Fundi alinirudishia simu. "Alama za uongo ulizituma kwa wazazi wote," akasema. "Basi na hizi zitume. Kisha Jumatatu atakuja."

Safari hii sikuongea. Niliandika kwa kidole, herufi moja moja, fundi amesimama nyuma yangu, na kila nilipofika kwenye L niliitafuta nikaibonyeza nikaitazama. Ilichukua muda mrefu sana. Niliandika kwamba majibu yalikuwa mabaya kwa kosa la mwalimu, na kwamba binti wa fundi amepata yote. Binti akarudi ndani, nikamsikia anatoa nguo kwenye begi.

Jumatatu niliingia darasani bila fimbo. Nikaweka simu juu ya meza, nikawaeleza wote kilichotokea, mpaka ile ya kwenda kwa watu kutaja mahari. Darasa lilicheka mpaka la jirani likachungulia. Niliwaacha wacheke. Kisha nikawaambia na la mlingoti wa bendera, kwamba siku ile mwenzao alisema kweli na mimi nikamtoa nje. Hapo hakucheka mtu.

Nikamwita mbele. "Majibu ya jaribio jipya, somea wewe." Alikuja kwa kusitasita, mikono imeshika sketi. Nikambonyezea kipaza sauti.

"Mahali," akasema.

Simu ikaandika. Nikamwomba atufundishe, kama anaweza. Alinitazama kwanza kuona kama ni mtego. Kisha akatuonyesha ulimi unapokaa, juu, nyuma tu ya meno, unatulia, hautetemeki. Darasa zima likajaribu, na mimi nikiwa nimesimama kati yao karibu na dirisha.

"Mahari!" tukasema kwa pamoja.

Alitikisa kichwa. Akapita katikati ya madawati, akisikiliza mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. Nikasema. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kama baba yake anapopima bega la mteja. Miaka mitatu sikuwa nimeisikia sauti yake kwenye somo langu, na sasa alisema kwa nguvu, mbele ya wote, bila kuomba samahani.

"Bado, mwalimu. Sema tena."

Nikasema tena.