Majani Yaliyoshika Kilima

Mama Bertille hakuwa mtu wa kukaa bure, ndiyo maana benchi ya biro, ile ofisi ya kartie, ilimchosha kuliko jembe. Mwaka wa 1981 aliikalia Jumatatu nne mfululizo, amevaa kitenge chake cha misa, akingoja mkuu wa mitaa yao, shefu wa kartie Papa Apollinaire, amalize kuongea na kila aliyefika nyuma yake. Alichokuwa anakitaka kilikuwa kidogo. Alitaka wanawake wa mtaa wake waruhusiwe kufanya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, kwenye korongo lililokuwa linakula nyumba zao, badala ya kushuka kufagia barabara ya kando ya ziwa.

Jumatatu ya nne shefu alimpokea. Alimsikiliza huku akipanga mihuri yake mezani, kisha akamweleza kwamba salongo inapangwa na zone, utawala ulio juu yake, si na yeye, na kwamba mambo kama hayo yanaombwa kwa barua. Barua alikuwa amekwisha kuileta. Ilikuwa pale pale mezani, chini ya kiwiko cha shefu, tangu mwezi wa tatu.

Mtaa wao ulikuwa kwenye mteremko mjini Kalemie, juu ya stesheni ya treni. Norbert, mume wake, mfanyakazi wa bandari, alipojenga pale mwaka wa 1968, kilele cha kilima kilikuwa bado na miti, na maji ya mvua yalishuka polepole. Baadaye watu walikuja kwa wingi, wengine kutoka Moba, wengine kutoka Kabimba. Huyu alikata mti wa kujengea, yule alikata wa kuchoma makaa. Waliezeka mabati, na kila bati likamwaga maji kwenye kiwanja cha jirani wa chini. Kijia cha kwendea kisimani kikawa mfereji, mfereji ukawa korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake kichwa chake hakionekani. Masika moja lilichukua jiko la Mama Léontine, jirani wa Bertille. Masika yaliyofuata likachukua choo chake. Watu walitupa takataka humo wakidhani wanalijaza, lakini mvua ya kwanza ilizizoa zote hadi ziwani, pamoja na kipande kingine cha ukingo.

Bertille alizaliwa Niemba, nyumba kumi tu kutoka kwenye reli. Baba yake, Adalbert, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi kilichotunza njia ya treni. Alipokuwa msichana, akimpelekea chakula kazini, alizoea kuona kwamba matuta ya udongo yaliyobeba reli hayakushikwa na saruji. Yalishikwa na majani magumu yanayoota kwa mashada, yenye mizizi inayokwenda chini kupita urefu wa mtu. Baba yake aliyapanda kwa mistari ya kukingama mteremko, shada kwa shada, na aligombana na yeyote aliyeachia mbuzi pale. Wakati ule Bertille hakuona ajabu yoyote. Aliyakumbuka siku choo cha Léontine kilipoanguka.

Alipanda treni hadi Niemba, akarudi na magunia sita ya mashada. Norbert alimuuliza kama Kalemie imeishiwa majani. Majirani walicheka, wakasema mke wa Norbert analima nyasi. Yeye alipanda sehemu iliyopakana na kiwanja chake, akapanga mawe kukata korongo kama ngazi, na nyuma ya kila mstari wa mawe akaweka mstari wa majani. Léontine alikuwa wa kwanza kumsaidia, maana nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ukingo. Akaja Monique, mke wa mshona viatu, halafu wanawake wengine saba waliokuwa wakisali pamoja kila Alhamisi. Walikubaliana kila kiwanja kichimbe shimo la kupokea maji ya bati lake, lililojazwa kokoto. Waliokataa walifuatwa nyumbani mara mbili, mara tatu, hadi wakaona aibu.

Masika ya kwanza korongo lilitulia. Masika ya pili udongo ulijaa nyuma ya mawe, na Monique akapanda migomba humo. Mizizi ilikuwa inashika. Tabu ilikuwa watu wenyewe kuchoka. Shefu hakuitoa ile barua chini ya kiwiko chake, basi Jumamosi asubuhi walifagia barabara ya ziwa, na alasiri walipanda korongoni na migongo imekwisha kuvunjika. Wawili waliokosa kufagia waliitwa biro, wakalala ndani siku moja. Bertille alirudi kwenye benchi mara nyingine, na nyingine. Mara moja alikuta shefu amesafiri. Mara moja aliambiwa majani ni kazi ya agronomu, bwana shamba wa serikali, na agronomu akamwambia kazi yake yeye ni mihogo na mpunga. Baada ya hapo aliacha. Alijisemea kwamba majani hayahitaji muhuri, na akaapa kutokanyaga tena biro ile.

Mwaka wa 1983, mwezi wa tisa, habari ilikuja kwamba ujumbe wa wakubwa utatoka Lubumbashi. Mtu mwenye kipaza sauti alipita mitaani akitangaza usafi: kuta zipakwe chokaa, mifereji izibuliwe, majani yote marefu yaondolewe kwa sababu yanaficha mbu na nyoka. Bertille aliyasikia maneno hayo akiwa anaanika dagaa. Aliwaza kwenda kwa shefu kumweleza kwamba majani ya korongo si yale yanayosemwa. Kisha akaiona ile benchi akilini, akaona na yule mtu anavyopanga mihuri, na hasira ikampanda. Akaendelea na dagaa zake. Hakuna anayepanda hadi kule juu, alijiambia.

Jumamosi, wanawake wote wa mtaa walipelekwa kufagia mbele ya bandari. Ili kazi isiwe ya kujuana, zone ilikuwa imebadilisha vikosi: watu wa mtaa huu walitumwa kule, na watu wa kule walitumwa huku. Bertille alifagia hadi saa sita. Alipoinua kichwa aliona moshi juu ya kilima, upande wa kwao.

Alipanda mbio, Monique nyuma yake. Walikuta vijana wa kartie nyingine wamekaa kivulini wakinywa maji, majembe yao yana udongo mbichi. Hawakuwa wamefyeka tu. Walikuwa wameng'oa mashada na mizizi yake, wakayalundika na kuyachoma, pamoja na migomba. Mawe ya ngazi walikuwa wameyatoa, wakayapanga vizuri pembeni mwa barabara na kuanza kuyapaka chokaa. Kijana mmoja alimsalimia kwa adabu na kumwambia majani yale yalikuwa na nguvu sana, yamewatoa jasho tangu asubuhi.

Bertille alishindwa hata kumgombeza. Yule hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Papa Apollinaire alikuwa pale na daftari lake. Alimwita sitwayeni, yaani mwananchi, na kwa jina la kwenye kitambulisho, kama ilivyotakiwa miaka ile majina ya ubatizo yalipokatazwa.

"Sitwayeni Kalunga, unaona? Sasa kartie yenu njo safi."

"Papa, ile majani njo ilikuwa inashika kilima," alisema. "Nilikuandikia."

Shefu alijibu kwamba amri ilikuwa ya majani yote marefu, haikutaja ya kilima wala ya bonde. Akaandika kitu kwenye daftari, akashuka.

Wakubwa walifika Jumanne. Walipita kwa magari kando ya ziwa, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Kilimani hawakutazama hata mara moja.

Siku zilizofuata Bertille na wenzake waliokota mashada machache ambayo hayakuungua, kama thelathini, wakayarudisha ardhini. Lakini jua la mwisho wa kiangazi lilikuwa kali, na mizizi ilihitaji muda ambao haukuwapo. Katikati ya mwezi wa kumi, mchana, mvua kubwa ilishuka kwa saa mbili. Maji yalikuta korongo uchi kutoka juu hadi chini. Léontine alikuwa sokoni na watoto wake walikuwa shuleni, hiyo ndiyo ilikuwa bahati. Bertille alikuwa mlangoni kwake alipoona ukuta wa jirani unainama taratibu, kama mtu anayetaka kukaa, halafu nyumba nzima ikashuka na bati lake, vitanda vyake na cherehani ya Léontine.

Kesho yake shefu alikuja kuandika ripoti. Alimtaka Bertille atie sahihi kama shahidi. Bertille alimwomba kwanza amsomee. Ripoti ilisema nyumba imeharibiwa na mvua kali isiyo ya kawaida.

"Andika majani iling'olewa siku ya salongo," alisema.

"Hiyo siwezi kuandika, mama." Safari hii hakumwita sitwayeni. "Nikiandika vile, wataniuliza nani alitoa amri. Na miye nitajibu nini?"

"Basi miye siweki sahihi."

Alimrudishia kalamu. Papa Apollinaire alisimama kidogo, akitazama lile shimo jekundu, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye furaha. Kisha alikwenda kumtafuta shahidi mwingine, na alimpata.

Léontine alihamia Mpala kwa kaka yake. Siku ya kuagana Bertille alimfunulia kilichokuwa kinamla moyo: kwamba alisikia tangazo akanyamaza, kwa kuchukia benchi. Léontine alisema kwamba hata angekwenda wasingemsikiliza. Bertille alijua hilo huenda ni kweli, lakini halikumpunguzia kitu.

Kwenda Niemba tena ilikuwa shida, maana mafuta ya treni yalikuwa yamekosekana. Alishinda stesheni siku tatu kabla ya kupata nafasi kwenye gari moshi la mizigo. Alirudi na magunia manne, akiwa na homa. Wiki hiyo hiyo ulikuja mwito: zone imeunda kamati ya kupambana na makorongo, naye anatakiwa kuwa mjumbe. Norbert alimsihi aende, labda safari hii kuna kitu.

Alikwenda, na Monique akaenda naye. Walikuwa watu kumi na wanne kwenye chumba cha joto. Saa moja ilipita wakijadili nani awe mwenyekiti. Saa ya pili walijadili kama makamu awe mmoja au wawili, na kama kamati itapewa muhuri wake. Mtu mmoja alipendekeza waombe saruji kutoka Lubumbashi. Bertille aliomba nafasi ya kusema, akaambiwa mambo ya ufundi yako mwisho wa ajenda.

Nje ilikuwa imenyesha mvua ndogo asubuhi ile, na ardhi ilikuwa laini. Alitazama dirishani, akahesabu saa zilizobaki kabla jua halijaikausha. Alimgusa Monique kiwiko. Walisimama, wakaomba radhi kwa kunong'ona, wakatoka. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amechaguliwa dakika chache tu zilizopita, aliagiza majina yao yaandikwe kuwa wametoroka kikao.

Alasiri hiyo walipanda mashada arobaini, sehemu ya juu kabisa, pale korongo linapoanzia.