Waifai ya Bure ya Krähenstetten

Bi Roswitha Knöpfle hakuwahi kuwa mkarimu, wala asingependa mtu amsingizie. Aliishi ghorofa ya chini, katika nyumba inayotazamana na kituo cha treni cha Krähenstetten, na kwa miaka thelathini na minane alishona na kupunguza suruali za watu. Katika miaka yote hiyo swali moja tu lilimkera: "Samahani mama, treni ijayo inakuja saa ngapi?" Ofisi ya tiketi ilishafungwa, ratiba ya ukutani ilishaliwa na jua, na mlango wa karibu kuliko yote ulikuwa wake. Wapanda milima, waendesha baiskeli, wanafunzi, wote waligonga. Yeye ana pini mdomoni na suruali ya mtu magotini, ainuke, afungue, aseme hajui.

Mpwa wake Jörn alipokuja kumfungia intaneti, alimpa wazo. "Shangazi, nikufungulie na waifai ya pili, isiyo na neno la siri. Watatazama treni zao wenyewe, hawatakugongea tena."

"Itaongeza bili?"

"Hata senti."

"Basi fungua."

Ruta, kile kidude cha kurusha mtandao, ikawekwa dirishani nyuma ya maua, na tangu juma lile mlango ukanyamaza. Bili alilipa yeye kila mwezi, miaka tisa, na hakuona cha kumsimulia mtu. Wasafiri walikaa kwenye benchi chini ya dirisha lake, vichwa vimeinama kama watu wanaosali, na hakuna aliyejiuliza neema ile inashuka kutoka wapi.

Alichojivunia Bi Roswitha kilikuwa kingine kabisa: zamu yake ya kufagia. Katika nyumba yao, kama katika kila nyumba ya Waswabi, Wajerumani wale wa kusini, wanaojiheshimu, kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikikuta kwenye kitasa chako, juma hilo ngazi na njia ya mbele ni zako. Jumamosi ukishafagia, unakitundika kwa jirani, na ole wako ukikitundika kabla hujafagia. Bi Roswitha hakukosa zamu hata moja. Alifagia hata asubuhi aliyomzika mumewe, na waombolezaji walipofika wakazisifu ngazi kabla ya kumsifu marehemu. Anayekanyaga ngazi azifagie: zaidi ya hapo hakuwa na siasa.

Sasa tuje kwa Meya, Bwana Volker Dürr, mtu aliyekuwa tayari kukata utepe hata wa pipa la taka. Serikali ya jimbo ilitoa fungu kwa miji itakayowapa wasafiri intaneti ya bure. Manispaa ikalipokea na kulitumia kwa bidii. Mtaalamu aliandika ripoti ya kurasa tisini. Nguzo ikasimamishwa kituoni, kisanduku cheupe kikafungwa juu yake, na chini kukawa na bango lenye nembo ya mji: WAIFAI YA BURE KWA WASAFIRI. ZAWADI YA MANISPAA. Kilichokosekana ni waya. Waya ulipaswa kupita chini ya mita tatu za ardhi ya reli, na kibali chake kilikuwa kinashughulikiwa.

Siku moja Meya alisimama chini ya nguzo akaitazama simu yake, akabahatisha tu. Ikashika mara moja.

"Inafanya kazi!" alimwambia fundi wake.

Fundi alibakiza miaka miwili astaafu, naye hakuwa mtu wa kubishana na habari njema. Utepe ukakatwa. Bi Roswitha aliona yote kupitia maua yake, akadhani manispaa imeleta yake, akarudi kwenye suruali.

Mwaka uliofuata Krähenstetten iliingia kwenye mashindano ya Mji Mkarimu. Kabla majaji hawajafika, manispaa ilimtuma kijana na mashine ya kupimia. Kijana akakuta kwamba kwenye nguzo mawimbi ni hafifu, na kwenye dirisha la Bi Roswitha yana nguvu kupita kiasi. Mtoto wa chekechea angejua maana yake. Manispaa ilikuwa na maoni tofauti, ikayaandika na kuyapiga mhuri: mkazi huyo ameweka kifaa kinachovuta mtandao wa umma nyumbani kwake. Akichomoe kabla ya ugeni wa Jumatano. Jina lake litatoka katika gazeti la mji siku ya Alhamisi, kwenye safu ya maonyo.

Bi Roswitha aliisoma barua mara tatu. Gazeti la mji lilisomwa na watu wasiosoma kitu kingine chochote. Mtu wa mwisho kutoka kwenye safu ile alikuwa ametupa godoro msituni miaka kumi na tatu nyuma, na mpaka leo alikuwa akiitwa Godoro, hata na mchungaji. Yeye, ambaye hakuwahi kubaki na uzi wa mteja, aitwe mwizi? Akavaa koti, akaenda kwa Meya.

"Bwana Meya, mimi sijaiba kitu."

"Nani kasema kuiba, Bi Roswitha? Tumesema kuvuta."

"Ile waifai ni yangu. Nailipia mwaka wa tisa huu."

Meya alitabasamu kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko barua. "Mama, umri ukienda mambo haya yanachanganya, sikulaumu. Nguzo umeiona? Bango umelisoma? Basi chomoa hicho kidude kabla wageni wangu hawajafika, tuishi kwa amani."

"Na jina langu gazetini?"

"Huo ni utaratibu tu."

Jörn alipokuja aliizunguka nguzo mara mbili, akarudi anacheka. "Shangazi, hakina waya. Kile kisanduku kimeshikwa na skrubu nne na imani ya Meya. Ngoja niandike kwa magazeti makubwa."

"Huandiki popote. Barua inasema nichomoe, nitachomoa."

Jumatano, saa nne kasoro dakika tano, akaichomoa ruta, akaiweka kabatini. Saa nne treni ikawashusha majaji watatu, wakiongozwa na Bi Ottilie Sauter, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba. Meya aliwapa mkate wa chumvi na hotuba, kisha akawaambia watoe simu zao wajionee. Wakazitoa. Hakuna kitu. Meya akainua yake juu, akaizunguka nguzo kama mbuzi aliyefungwa kamba. Fundi akawa anavikagua viatu vyake.

"Asubuhi ilikuwepo," alilalamika mwendesha baiskeli mmoja kwenye benchi.

Bi Ottilie alitaka kujua atarudije kwao. Akavuka barabara, akagonga mlango wa karibu kuliko yote.

"Samahani mama, treni ijayo inakuja saa ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa. "Sijui, mama," alisema Bi Roswitha. "Ungeiona mwenyewe kwenye simu, ila nimekatazwa." Akampa barua.

Bi Ottilie aliisoma yote, mpaka mhuri, kama anayesahihisha insha mbovu. Meya akafika anahema.

"Bi Roswitha, tafadhali, washa. Dakika tano tu."

"Barua ina mhuri, Bwana Meya."

"Jina lako halitatoka, nakuahidi."

"Litoke. Liandikwe nani alikuwa analipa."

Meya alimtazama Bi Ottilie. "Litatoka."

Alhamisi Bi Roswitha alilisoma gazeti kwa kioo cha kukuzia. Kwenye safu ya maonyo hakuwepo. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya Meya na nguzo, na maneno kwamba mtandao wa kituoni ni matunda ya ushirikiano wa manispaa na mkazi mmoja. Akalitafuta jina lake mpaka kwenye matangazo ya vifo. Mkazi mmoja, basi. Ruta akaiacha kabatini.

Jumamosi alifagia, kisha kibao hakukipeleka kwa jirani wa juu. Alipanda nacho kilima mpaka nyumbani kwa Meya, akakitundika kwenye kitasa. Aliporudi, akaweka karatasi dirishani: "Habari za treni: kwa Meya, mlango wa kijani, mwisho wa kilima. Gongeni. Ni zamu yake."

Wakagonga. Jumapili wakati wa nyama ya kuoka waligonga mara saba, na mara saba Meya alitoka na kitambaa cha mezani shingoni, akasema hajui.

Alhamisi iliyofuata jina lilitoka, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: Roswitha Knöpfle, aliyewalipia wasafiri wote wa Krähenstetten kwa miaka tisa. Alilikata kwa mkasi wake wa kushonea, akalibandika jikoni, na kusema kweli akalia kidogo. Alipofungua mlango akakuta kibao kimerudishwa, kinaning'inia kwenye kitasa chake.

Hakuigusa ruta kwanza. Alivaa koti, akapanda kilima kwenda kuzikagua ngazi za Meya. Majani yalikuwa vilevile, hayajaguswa na ufagio, na juu yake ganda la njugu. Akakitundika kibao pale kilipokuwa, akagonga mlango, akamwambia atasubiri.