Mafuta Meusi ya Mama Emérance

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Rwambuzi, Bunia. Mama Emérance ameshika kijiti cha kupimia mafuta ya injini kama mwalimu aliyechoshwa na darasa zima. Ncha yake ni nyeusi tii. Mbele yake anafoka Gauthier, dereva wa Land Cruiser ya dizeli.

Mafuta hayo aliwekewa hapa hapa juzi. Leo yana rangi ya masizi, kwa hiyo, Gauthier anawatangazia wote waliokuja kusikiliza, ameuziwa mafuta ya zamani. Amekuja na kidumu chake kutoka kwa Honoré, anayewauzia watu wa pikipiki. Ndani yake mafuta yanang'aa kama asali, utadhani ya kukaangia mihogo. Anataka meusi yamwagwe, haya yawekwe, na haraka.

Haraka yake ina sababu. Saa nne magari yanaondoka pamoja kwenda Tchomia, kando ya Ziwa Albert. Mkewe Lydie yuko huko na watoto watatu tangu mapigano yawatenganishe. Vita hivi vimefundisha watu kutosafiri peke yao, na gari likifa njiani, mengine hayasimami.

"Siweke ile," anasema Emérance. "Ukitaka kufa, usikufie mu mikono yangu."

Emérance, miaka arobaini na sita, alianza kwa kuwapikia mafundi wa gereji moja mjini. Umbea wa mafundi ukamnogea, akawa anasikiliza injini kuliko sufuria. Wali ukiungua, walikula hivyo hivyo. Mwenye gereji alipokimbia vita, mpishi akabaki na ufundi. Sasa hubadilisha mafuta ya magari manne au matano kwa wiki. Zamani, anasema, hayo yalikuwa ya siku moja. Lakini watu hawakosekani: anayekuja kwa habari za mji huondoka akijua filta ni nini.

Kinachomchosha ni neno moja: quarante, yaani arobaini, namba ya uzito wa mafuta ambayo kila mteja huitaja.

"Bote banakuya na quarante, quarante. Quarante ni uzito tu. Angalia herufi: S ni ya essence, C ni ya mazout," anasema. Essence ni petroli; mazout ndiyo dizeli ya Bunia.

Tatizo ni kwamba herufi hubaki kwenye pipa. Mapipa yakifika kutoka Uganda, wauzaji humimina mafuta kwenye vidumu vitupu, na mnunuzi huchagua kwa macho. Emérance huchukua kwenye pipa alilolifungua mwenyewe. Mafuta ya injini ya dizeli, anaeleza kwa mara ambayo ameacha kuihesabu, huosha masizi ya injini na kuyabeba. Lazima yachafuke.

Gauthier anatikisa kichwa. Emérance anaweka kijiti chini.

"Weye, kama unafula nguo na mayi inabakia safi, umefula nini?"

Léon, kinyozi wa jirani, anauliza iwapo bwana dereva amewahi kufua. Wanawake waliokuja kusikiliza wanacheka hadi Gauthier anakosa pa kutazama.

"Basi panda," Gauthier anamwambia Emérance. "Kama unaamini mafuta yako, panda, twende wote."

Emérance anaongeza nusu lita iliyopungua, anafunga boneti, anamkabidhi Fifi wa kibanda cha jirani ufunguo wa kibanda chake, kisha anaketi kiti cha mbele. Anamwambia Gauthier saa nne inakaribia.

Walirudi kesho yake alasiri. Kwenye mlima mrefu wa kutoka ziwani, taksi-basi moja ilizimika, na abiria wake wakagawanywa kwenye magari yaliyokuwa yakipita polepole. Land Cruiser ilipanda na watu kumi na mmoja. Lydie alishuka Rwambuzi na watoto wote watatu, akaomba maji, akakaa chini.

Tangu siku hiyo Gauthier anawaambia madereva wenzake kwamba yale mafuta aliyachagua yeye. Emérance amechoka hata kubisha.

Anachotaka ni barabara itulie, avuke ziwa mwenyewe hadi Uganda kununua mapipa yenye herufi zake, afungue gereji yenye mabenchi marefu ya wapenda habari. Juu ya mlango ataandika maneno matatu: "Hapa hatuuzishe rangi."

Gauthier ameahidi kuleta ubao wa kuandikia maneno hayo. Bado wanamngoja.