Kokwa za Tende Thermopylae

Daktari wa macho wa Maskati alisema nami kwa upole mno, na mie upole wa madaktari naujua: ukiuona, jua habari si nzuri. Alisema presha ya macho imekwisha kula pembeni na itaendelea kula kuja katikati. Matone yatachelewesha tu, hayatazuia. Wakati ule tayari nilikuwa naiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikikutazama usoni nakuona vizuri, hata chunusi zako nitakuhesabia, lakini mtu aliyesimama ubavuni pangu ni kama hayupo.

Niliporudi kwetu Ibra wanangu wakanikalisha kitako. Mama, wapi unataka kwenda ukapaone madamu macho yapo? Walitegemea niseme Makka, na Makka nimekwenda mara tatu, alhamdulillahi. Au niseme Unguja, nikaione nyumba yetu niliyoiacha nina miaka kumi na minne. Nikasema nataka kwenda Thermopylae.

Wakatazamana. "Ndiyo wapi huko, mama?"

Ala! Nimewasomesha watoto wa watu historia miaka ishirini na saba, wangu mwenyewe hawajui. Katika kitabu chetu cha skuli vita vile vilikuwa ukurasa mmoja tu, lakini mie nilivifanya vipindi vitatu, na mkaguzi akija akinuna, anune. Kila mwaka nilichukua chaki nikachora ubaoni: mlima kushoto, bahari kulia, na katikati yake kinjia chembamba ambacho gari la ng'ombe linapita kwa taabu. Hapo ndipo Wayunani, Wagiriki wa kale, wachache tu, walipolizuia jeshi zima la mfalme wa Waajemi, wakalizuia mpaka mwenyeji mmoja alipokwenda kwa Waajemi akawaonesha njia ya nyuma, inayopita mlimani. Wasichana wangu walikuwa wakifika hapo wanalia. Wengine sasa ni madaktari, wana wajukuu, na tukikutana sokoni bado wananiuliza habari za yule msaliti. Nami mahali penyewe sijapaona hata siku moja. Nilitaka kupaona kwa macho yangu, mara moja, kabla hayajazima. Basi.

Mume wangu ni Mpemba, na Mpemba haondoki pake bila ya sababu iliyoandikwa. Kazi yake ya maisha ilikuwa kupima mifereji ya falaji, ile ya kale inayoleta maji kwenye mitende yetu, kwa hivyo kila kitu kwake ni kipimo: urefu, upana, maji yanapita au hayapiti. Maneno hayamo katika vipimo vyake.

"Twende mpaka Ugiriki," akasema, "kuzuru watu ambao hatuna nao ndewe wala sikio?"

"Mtembea bure si sawa na mkaa bure," nikamwambia.

"Haya, mwalimu," akasema. Akitaka kunichokoza huniita mwalimu.

Binti yetu akatupangia kila kitu. Athens tulifika salama, na asubuhi ya pili dereva akaja kutuchukua hotelini kwa gari yake, sisi wawili tu. Alikuwa mtu wa makamo, masharubu meupe, mpole, kila neno lake analitangulizia tabasamu. Mume wangu akakaa mbele kwa sababu yeye ndiye mwenye Kiingereza cha kutosha, alikipata kwa mainjinia kazini. Mie nikakaa nyuma na mkoba wangu. Mkobani mna tende za nyumbani, vikombe vidogo vidogo na chupa ya kahawa niliyoichemsha chumbani alfajiri kwa birika la umeme, na hiliki nikatia. Watu wa kwetu hata wakienda hospitali wanakwenda na kahawa.

Njiani mume wangu alikuwa hana hili wala lile. Milima ilikuwa kama yetu ya njia ya Nizwa, ila ya kwao imevaa nguo za miti. Nikamwambia aangalie. Akasema ameiona. Nikamwambia kila bonde tulilolipita lina historia yake. Akasema bonde linalomhusu yeye ni lile lenye maji. Lo, nilichoka naye! Nikafumba macho, nikaanza kuuchora ule ubao wangu kichwani, mlima kushoto, bahari kulia, na moyo ukanidunda kama wa mwari.

Baada ya saa mbili na kitu gari ikasimama. "Ndipo hapa," dereva akasema.

Nikashuka. Harufu ya kiberiti ikanipokea, kwa kuwa pana chemchemi za maji moto karibu. Nikaliona sanamu la shaba la mfalme wao na mkuki wake. Nikageuza uso kushoto, mlima upo, umesimama pale pale nilipouchora. Moyo ukatulia. Nikageuza uso kulia, nikaona barabara kuu na malori, na ng'ambo ya barabara mashamba, na baada ya mashamba, mashamba tena.

"Bahari iko wapi?" nikauliza.

Mume wangu akamfasiria dereva. Dereva akaonesha mbali kabisa kwa kidole, tena kwa haya, utadhani yeye ndiye aliyeiondoa. Akaeleza kwamba mto wa pale umeleta matope karne baada ya karne, na bahari imerudi nyuma mwendo mrefu. Siku hizi hata huioni.

Nilikasirika. Niliukasirikia mto, nikakikasirikia kitabu, nikajikasirikia mwenyewe, mtu mzima niliyesafiri kote kule kuja kutazama malori. Halafu likanijia jambo lililoniuma zaidi. Hata bahari ingekuwapo, nisingeiona. Mlima niliuona peke yake, na barabara niliiona peke yake, lakini viwili pamoja havikuingia katika lile tundu langu. Nikigeukia huku, kule kunapotea. Na mahali pale maana yake yote ni ule upana wa katikati. Bila ya upana pale hapana kitu.

Nikakaa juu ya jiwe nikalia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti. "Nimechelewa," nilikuwa nikisema, "nimechelewa, bwana. Ningekuja miaka kumi nyuma."

Nilimngojea aseme "Si nilikwambia?" Hakusema. Alisimama kidogo, kisha akamuuliza dereva zamani bahari ilifika wapi. Dereva akasema hapo hapo kwenye barabara, haizidi hapo. Basi yule mzee wangu akakunja kanzu mkononi, akenda mpaka chini ya mlima, akauwekea mgongo, akaanza kutembea kuelekea barabarani, hatua zake zile zile za kupimia falaji, hazirefuki hazifupiki. Midomo inahesabu. Mie nilimshika kwa jicho moja kwa moja, sikumwacha. Alipofika ukingoni mwa barabara lori likampigia honi, kanzu ikapeperuka, naye hakulijali. Akageuka akarudi kwangu.

"Hatua tisini na mbili," akasema. "Kutoka mlangoni kwetu mpaka msikitini ni tisini na tano."

Njia ya mlangoni kwetu mpaka msikitini naijua hata nikifumba macho. Najua wapi ukuta umebomoka, wapi mtende umeinamia njia, wapi watoto wanacheza mpira. Nikafumba macho pale pale juu ya jiwe, nikaiweka ile njia yetu ya Ibra kati ya mlima na bahari, na upana ukanijia wote kwa mara moja. Wallahi nilipaona.

"Kumbe ni papana kuliko nilivyosomesha," nikasema.

"Basi waombe radhi wanafunzi wako," akajibu, na mie nikacheka na machozi yangu.

Tulisali, kisha tukakaa kivulini tunywe kahawa. Mume wangu ndiye mmiminaji, na mgeni ni dereva, kwa hivyo kikombe cha kwanza chake. Dereva akanywa, akala tende, akarudisha kikombe. Mume wangu akakijaza. Akanywa, akarudisha. Akakijaza. Mnajua kwetu ilivyo: mgeni asipokitikisa kikombe, bado anataka, na mwenyeji atamimina mpaka asubuhi kabla hajamvunjia mtu heshima. Na yule Mgiriki naye, kumbe kwao mgeni hakatai anachopewa. Basi wakakutana wastaarabu wawili, hapana wa kumwokoa mwenziwe.

Mie niliiona mapema lakini nikanyamaza, nilitaka nione mwisho wake. Kikombe cha sita masharubu yakaanza kutetemeka. Cha nane goti linacheza peke yake. Na kila kikombe lazima tende, kwa hivyo mbele yake palikuwa na rundo la kokwa kama la mtu anayefungua kinywa Ramadhani.

"Masikini, ana kiu huyu," mume wangu akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Ungeleta chupa mbili."

Hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka mtandio ukaniporomoka. Nikachukua kikombe changu nikamwonesha dereva: tikisa hivi, basi, imekwisha. Uso wake uling'ara, na akakitikisa kile kikombe kama muuza kahawa wa Unguja anayeita wateja. Akamwambia mume wangu kwamba alikuwa anafikiri labda kwetu ni dhambi mgeni kuacha.

Yale makokwa yalikuwa mengi, nami mikono ikaniwasha. Nikavuta kifuniko cha bakuli la tende, nikakigeuza. "Sogeeni," nikasema. Chupa ya kahawa nikaifanya mlima, nikaiweka kushoto. Leso yangu ikawa bahari, kulia. Kokwa zetu chache nikazipanga katikati, ndio Wayunani. Rundo la dereva likawa Waajemi, na wallahi walitosha. Nikasomesha. Miaka minane tangu nistaafu, lakini sauti ilitoka ile ile, na dereva, aliyezaliwa nchi hiyo, alikuwa akinisikiliza kinywa wazi huku mume wangu anamfasiria. Na mume wangu mwenyewe, ambaye miaka thelathini na minane ya ndoa hajawahi kuniuliza leo umesomesha nini, akainama juu ya kifuniko kama anayetazama falaji iliyoziba.

"Ile njia ya nyuma," akasema, "hapakuwa na mtu wa kuilinda?"

"Waliwekwa watu. Walipowaona Waajemi wakaiacha njia, wakakimbilia kileleni."

"Wakaiacha?"

"Wakaiacha."

"Mtu amewekwa nyuma ya mgongo wa mwenziwe, halafu anaondoka!" Akakasirika kweli, mishipa ya shingo ikamtoka. Yule msaliti hakumshughulikia hata kidogo, yeye ugomvi wake ulikuwa na wale walinzi. Tulikwenda kutia miguu katika maji moto, na miguu imo majini yeye bado anawasema. Njia nzima ya kurudi Athens, kila baada ya muda kimya, kisha: "Wameondoka!" Dereva, kwa kahawa ile aliyoinywa, alikuwa macho zaidi yetu sote, na kila mara alikubali kwa kichwa.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Macho yangu yamefanya kama alivyosema daktari, hayakunidanganya. La kushoto sasa linajua mchana na usiku tu. La kulia lina tundu dogo bado, na asubuhi nikilitumia vizuri naiona rangi ya mtende. Sisemi siumii. Lakini nyumba naijua, na watu wangu nawajua kwa nyayo, na siku nyingi, niamini, nakaa barazani nimeridhika kabisa.

Wiki iliyopita baada ya alasiri nilikuwa nimekaa hapo, nikasikia mume wangu anaweka sinia mbele yangu. Nikadhani kahawa. Akanishika mkono akaniwekea vidole juu ya sinia. Nikagusa chupa, kushoto. Nikagusa kitambaa, kulia. Katikati nikagusa kokwa kavu, ngumu.

"Umezipata wapi hizi?"

"Ni zile zile. Nilizitia mfukoni siku ile. Mbona kutupa vitu vizima?"

Mpemba huyu! Nimeishi nazo nyumbani miaka miwili bila ya kujua.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nisahihishe."

Nikapitisha vidole taratibu. Wayunani wako pao, Waajemi wako pao, upana uko sawa, hilo sikuwa na wasiwasi nalo. Nikazunguka nyuma ya chupa, upande wa kushoto, ule ambao jicho langu halioni kitu tena. Kidole kikagonga kokwa moja. Nikaisukuma, haikwenda. Ameigandisha kwa gundi.

"Nani huyu?"

"Mimi."

"Unafanya nini huku?"

"Nimekaa," akasema. "Hapa hapiti mtu."

Nikamwambia kwa ukali, kwa sababu nisingeweza vinginevyo, kwamba sivyo ilivyokuwa, kwamba walinzi waliondoka, kitabu kinasema waliondoka, na historia haibadilishwi na mtu wa falaji.

"Najua waliondoka," akasema. "Wewe toa maksi."

Nikampa zote.