Masika wa Kumi na Tisa

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita na sina haraka ya kusifu watu. Kwa miaka mingi nilimwona Kavira Agar kuwa karani tu, kama makarani wengine. Ndiye secrétaire wa shule yetu ya kanisa hapa Vulamba, mtaa wa Butembo: mzaliwa wa Kasugho, mjane, mama wa watoto watatu, mwenye ulimi mkali kwa mwalimu yeyote anayechelewesha matokeo. Alipofika miaka arobaini na minne akaanza kujifunza Python, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, kwa kitabu cha Kifaransa alichokivika jalada la kitenge. Walimu tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mwaka huu shule ilipokea familia sitini na nne zilizokimbia vita upande wa Beni. Kila nyumba iliahidiwa nafasi moja ya masomo, kwa mtoto wake wa kwanza. Orodha ilitakiwa kufika bureau, ofisi ya masomo mjini, Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ikiwa imetoka kwenye kompyuta, kwa sababu karatasi za mkono hawazipokei. Nyumba isiyo na jina ingepoteza nafasi yake.

Agar aliandika maagizo mwenyewe. Mzunguko wa nje, yaani maagizo yanayorudiwa tena na tena, ulipita nyumba kwa nyumba. Ndani yake, mzunguko wa pili ulipita mtoto kwa mtoto, na kwa kila mtoto kijina cha kuhesabia alichokiita "zamu" kiliongezwa moja. Mwenye zamu ya kwanza ndiye anayepata nafasi. Alijaribu kwa nyumba yake mwenyewe, ikatoka moja, mbili, tatu, naye akaridhika. Alhamisi akabandika orodha ukutani.

Ijumaa saa mbili asubuhi akaingia mama mmoja, Jokébed, amemshika binti yake mkono. Alisimama mbele ya meza na kusema polepole, bila hasira.

"Madame, mimi nilizala mutoto moja tu, huyu Masika. Mumeandika ni wa kumi na tisa. Bale kumi na munane beko wapi?"

Agar akaibandua orodha ukutani, nami nikasoma begani kwake. Katika nyumba zote sitini na nne, moja tu ilikuwa na mtoto wa kwanza, nayo ni ile ya juu kabisa. Mtoto wa mwisho wa orodha alikuwa wa mia mbili na moja. Uso wa Agar ulibadilika, nami nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulizoea. Nikamwambia hakupaswa kuanza mambo asiyoyajua. Akaniambia nikae au nitoke, nami nikakaa.

Alibadilisha mstari mmoja akajaribu tena. Sasa kila mtoto akawa wa kwanza, hadi vitindamimba na mapacha. Jokébed alicheka kidogo, Agar hakucheka. Ilikuwa saa nne na nusu. Akalisoma tena jina la Masika kwenye karatasi, kwa sauti ndogo, mara mbili, kisha akaweka kalamu chini.

Kwetu Wanande majina yenyewe yanahesabu. Masika ni binti wa kwanza, Paluku ni kijana wa kwanza, Kambale anamfuata Paluku, na ukiingia nyumba ya jirani unakuta Paluku mwingine ameanza. Hakuna anayetangaza kwamba hesabu inaanza upya, kila mtu anajua. Agar alikuwa ameiweka zamu kuwa sifuri mara moja tu, juu kabisa, nje ya mizunguko yote miwili. Moyoni aliamini kwamba ikivuka mlango wa nyumba nyingine itarudi sifuri yenyewe. Haikurudi. Iliwabeba watoto kumi na wanane wa nyumba sita za mwanzo ikaingia nao kwa Jokébed. Na aliposahihisha kwa haraka, aliusukuma ule mstari ndani mno, katika mzunguko wa watoto, ikawa kila mtoto anaikuta sifuri.

"Mashine hapana Munande, Mama Masika," akasema. "Nilisahabu kuiambia."

Akauweka mstari mahali pake: ndani ya mzunguko wa nyumba, kabla ya mzunguko wa watoto. Juu yake akaandika maneno machache, yale ambayo kompyuta inayaruka na binadamu anayasoma. Orodha ikatoka. Nyumba sitini na nne, watoto wa kwanza sitini na nne. Masika, moja. Nilichukua pikipiki mwenyewe kuipeleka mjini, ikapokelewa saa sita kasoro dakika ishirini, na tangu siku hiyo sijamcheka tena.

Lakini kabla sijaondoka, Jokébed aliuliza yale maneno ya juu yanasema nini. Agar akamsomea: "Hapa kila nyumba inaanza upya."

Jokébed aliangalia kioo cha kompyuta, yeye aliyefika Butembo na mfuko mmoja na mtoto mmoja.

"Donc, basi na sisi," akasema.