Ndama Jike wa Mwongeli

Mwongeli huongea na ng'ombe kwa adabu kuliko anavyoongea na mumewe. Nzau mwenyewe analijua hilo na hakasiriki. Shida yake ni chai tu, na chai yake ni lazima iwe na maziwa mengi. Zamani, ukipita kwao asubuhi, kwenye miteremko ya chini ya Kikima, ungemsikia Mwongeli akibembeleza: "Simama hivyo mama, asante, sogeza mguu kidogo." Halafu sauti inabadilika: "Nzau! Toa hicho kiti chako hapa!"

Adabu hizo hazikuwa za bure. Ng'ombe akiudhiwa hubana maziwa, na hakuna nguvu ya mkono itakayomkamua hata kikombe. Mwongeli aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, alikamua saa zile zile kila siku, na maji ya kunywa hayakukauka zizini hata wakati wa kiangazi, ambapo sisi binadamu tulikuwa tukioga kwa kopo moja.

Ng'ombe huyo aliitwa Mbua, yaani mvua, maana alifika siku ya mvua. Alinunuliwa na chama chetu cha akina mama wa kanisa, na tulibishana sana kabla ya kumnunua. Wengi walitaka Friesian halisi, yule wa madoa meusi na meupe anayekaa kwenye kalenda. Mimi nikawaambia Friesian akiletwa kwetu ni kama shemeji kutoka Nairobi: anakula cha wote, anamaliza maji, na jua likiwaka anahema kivulini. Basi tukachukua chotara wa Ayrshire na Sahiwal, mwekundu, asiye na maziwa ya kutisha lakini anayevumilia joto na majani makavu. Sharti lilikuwa moja. Anayepewa ng'ombe ni wake, ila ndama jike wa kwanza lazima aende kwa anayefuata kwenye zamu. Wa kwanza alikuwa Mwongeli, na aliyefuata alikuwa Kanyiva. Baada ya Kanyiva ni mimi.

Mungu naye ana utani wake. Mbua akazaa dume. Tukangoja. Akazaa dume tena. Kanyiva ni mjane mwenye watoto wadogo, na alikuwa ameshapanda majani ya nepia ya kumlisha na kujenga zizi, zizi ambalo kuku waligeuza mahali pa kutagia. Kila akikutana na Mwongeli sokoni alimuuliza, "Hata huyu ni kijana?" utadhani Mwongeli ndiye aliyechagua.

Mara ya tatu Mbua akazaa mapacha. Dume alitangulia, jike akafuata. Tulipanda kwa Mwongeli kwa vigelegele, na Kanyiva akacheza mpaka leso ikamdondoka. Alikuwa amekuja na kamba kabisa! Mwongeli peke yake ndiye hakucheka. Mutie, daktari wa mifugo, alikuwa amekuja kuangalia kama kondo la nyuma limetoka, na alikuwa amemvuta kando.

"Anti," alimwambia, "jike akikaa tumbo moja na dume, damu zao huchanganyika, na kizazi cha huyo jike hakikui. Karibu wote huwa tasa. Na tasa hana maziwa, kwa sababu maziwa huja na kuzaa."

Kwenye kikao kilichofuata Mwongeli akasimama akatueleza yote. Alisema huyo ndama asihesabiwe, tungoje Mbua azae tena. Nilitazama nyuso za watu nikaona mambo yameharibika.

"Aiya!" Kanyiva akaruka. "Sasa ndama amekuwa mzuri, ndiyo amekuwa tasa?"

"Mutie ndiye amesema."

"Na Mutie si mtoto wa dada yako? Mwaitu, mama yangu, usinichezee. Umempenda huyo ndama, sema tu! Mimi nataka huyo huyo. Tasa ama si tasa, ni zamu yangu."

Wakampigia makofi. Wanawake niliosali nao Jumapili ile ile walimpigia makofi. Ikaamuliwa kwamba ndama akiachishwa kunyonya apelekwe kwa Kanyiva, na maneno yaishe.

Sasa fikiria mwenyewe. Mwongeli angeweza kukaa kimya tu. Deni lingekwisha, Mbua angebaki wake bila sharti, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa maana Kanyiva alikuwa ameomba kwa kinywa chake mbele ya mashahidi. Mimi nilikuwa nimewaka. Njiani nikamwambia, "Mpe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwache avunjike."

Mwongeli akanijibu: "Atambebea yule mnyama maji na nepia miaka yote hiyo. Halafu watoto atawaambia nini? Wanangoja maziwa, wale."

Ndama wakaachishwa. Jumamosi moja nilikuwa kwa Kanyiva nikichambua maharagwe, tukamwona Mwongeli anashuka na kamba mkononi. Kanyiva akanitazama kwa ushindi. Lakini mnyama aliyetokea kwenye kona hakuwa ndama. Alikuwa Mbua.

"Nimemkamua asubuhi," Mwongeli alisema. "Jioni ni wewe. Umuoshe kwa maji ya vuguvugu na usimpigie kelele. Akibakiza miezi miwili azae, uache kumkamua, apumzike."

Kanyiva alipokea kamba. Mwongeli akamshika Mbua shingo, akamwambia jambo sikioni, akageuka akapanda mlima bila kuangalia nyuma. Mimi nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Mnadhani midomo ilinyamaza? Wakasema ameona jike ana nyota kuliko mama yake, ndiyo maana amembakiza. Kule juu Nzau alikunywa chai ya rangi, strungi asubuhi, strungi jioni, na yule mzee mwenye kelele za chai hakulalamika hata mara moja. Hapo ndipo nilipomheshimu.

Jike yule alinenepa vizuri. Wenzake wa rika lake wakaanza kulia usiku kucha na kupandana, dalili kwamba wanataka dume, yeye akawa anakula tu. Mutie akampima mbele yetu sote, akatoa mkono, akatikisa kichwa. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo. Mwongeli hakusema "niliwaambia," ingawa mimi ningesema, tena kwa sauti. Alimfunga nira pamoja na pacha wake aliyekwisha hasiwa, akaanza kuwafundisha kulima.

Wakati huo Mbua alikuwa amezaa kwa Kanyiva. Jike. Kwa sharti la chama, ndama huyo alikuwa wangu. Kanyiva alikuja kwangu ameinamisha kichwa, akaniomba jambo, nami nikanuna siku mbili, msinisifu. Siku ya tatu nikamwambia, "Twende."

Tulimkuta Mwongeli shambani na mapacha wake. Kanyiva alikuwa na kamba ya ndama mkono mmoja, na mkono wa pili mtungi wa maziwa ya Mbua. Alikuwa amejifunza maneno ya kuomba msamaha njia nzima, nilimsikia, lakini tulipofika akamnyooshea tu kamba ya ndama, akasema, "Ni wako."

Mwongeli akamtazama ndama, akamtazama Kanyiva. Akafuta mikono kwenye leso.

"Huyu," aliuliza, "alizaliwa peke yake?"

Kanyiva akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baada ya hapo hayakuwa ya kucheka tena. Mwongeli akampokea mtungi, akaupeleka mwenyewe kwa Nzau.